Somo la Tisa: Kuakisi na Kutafakari

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba nuru husafiri katika mstari mnyoofu. Ulitazama mshumaa kupitia matundu ya kadi tatu, na kadi moja iliposogezwa kando hukuweza kuuona tena. Sasa jiulize: nuru inapokutana na kitu ambacho haiwezi kukipenya, huenda wapi? Je, safari yake huishia hapo?

Tazama chungu kilichojaa masizi. Masizi ni meusi kwa sababu humeza sehemu kubwa ya nuru inayoyaangukia. Sasa tazama karatasi nyeupe. Karatasi hiyo hairuhusu nuru kupotea. Huirudisha, nayo huingia machoni mwako. Kitendo cha kitu kurudisha nuru iliyokiangukia huitwa kuakisi. Vitu vingi unavyoviona havina nuru yake vyenyewe. Unaviona kwa sababu vinaakisi nuru ya jua, ya taa au ya moto.

Liko pia jambo jingine linalofanana na kuakisi. Mtu akiisha kuona jambo, anaweza kulirudia katika akili yake, akalipima na kuuliza kama lilivyoonekana ndivyo lilivyo. Huko huitwa kutafakari. Katika Kiswahili tunayo maneno mawili, moja la nuru na jingine la akili. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa mambo yote mawili, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kupinda na kurudi nyuma.

Katika somo hili utafanya yote mawili. Utaakisi nuru kwa kioo, na kila utakapoona jambo utalitafakari. Angalia sana, kwa maana mara nyingine macho yatakuambia neno moja, na fikra zako zitakuambia jingine.

Nuru hurudi kwa utaratibu gani?

Jaribio la 1

Vifaa: kioo bapa kidogo, karatasi nyeupe, penseli, rula, kipimapembe, tochi, kadi yenye ufa mwembamba, na udongo wa mfinyanzi wa kusimamishia kioo.

Namna ya kufanya:
1. Tandaza karatasi juu ya meza. Piga mstari mmoja, kisha usimamishe kioo juu ya mstari huo.
2. Kutoka katikati ya kioo piga mstari mwingine unaokuja upande wako, ukifanya pembe mraba na kioo. Mstari huu tutauita mstari wima.
3. Funga madirisha ili chumba kiwe na giza kiasi. Simamisha kadi mbele ya tochi ili mwale mwembamba wa nuru upite katika ufa na kutambaa juu ya karatasi.
4. Elekeza mwale huo mahali mstari wima unapogusa kioo. Utaona mwale mmoja unafika kwenye kioo na mwingine unarudi.
5. Weka alama kwa penseli kwenye njia ya kila mwale, kisha upime pembe iliyopo kati ya kila mwale na mstari wima.
6. Rudia jaribio mara tatu, kila mara ukibadili pembe ya kufika.

Umeona nini? Mwale ukifika kwa pembe ya nyuzi 30, hurudi kwa pembe ya nyuzi 30 katika upande wa pili wa mstari wima. Ukifika kwa nyuzi 50, hurudi kwa nyuzi 50. Ukifika juu ya mstari wima wenyewe, hurudi njia ile ile uliyoijia. Hii ndiyo kanuni ya kuakisi: pembe ya kufika ni sawa na pembe ya kurudi.

Tafakari. Huenda umepima nyuzi 30 upande mmoja na nyuzi 32 upande wa pili. Usiifute hesabu yako ili ilingane na kitabu. Andika ulichokipima, kisha ufikiri. Je, kioo kilisogea? Je, mwale wa nuru ulikuwa mnene? Je, uliweka alama pembeni mwa mwale badala ya katikati yake? Mwanasayansi haoni haya kwa kupata tofauti ndogo. Huona haya kwa kuificha.

Kwa nini karatasi haikuonyeshi uso wako?

Karatasi huakisi nuru, na kioo huakisi nuru. Mbona basi unauona uso wako katika kioo, lakini huuoni katika karatasi?

Uso wa kioo ni laini mno. Miale inayofika ikiwa sambamba hurudi ikiwa sambamba, kila mmoja ukiufuata mwenzake kwa mpango. Karatasi huonekana laini, lakini ukiitazama kwa lenzi yenye nguvu utaona nyuzi zilizosukana, zenye vilima na mabonde madogo. Kila mwale hutii kanuni ile ile uliyoipima, lakini kila mmoja huangukia mteremko wake, na kwa hiyo miale hutawanyika kila upande.

Tafakari. Usidhani kwamba kutawanyika huko ni hasara. Kama ukuta wa darasa ungekuwa kioo, usingeuona ukuta; ungeona tu taswira za vitu vingine. Kwa kuwa nuru hutawanyika, wanafunzi wote waliomo darasani huweza kusoma maandishi ya ubaoni, yule wa mbele kulia na yule wa nyuma kushoto.

Taswira iko wapi?

Jaribio la 2

Jaribio hili lifanywe pamoja na mwalimu. Kingo za kioo zifunikwe kwa utepe ili zisikate vidole.

Vifaa: kipande cha kioo cha dirisha, mishumaa miwili iliyo sawa kwa urefu, rula, kiberiti.

Namna ya kufanya:
1. Simamisha kioo wima juu ya meza katika chumba chenye giza kiasi.
2. Weka mshumaa mmoja sentimeta 20 mbele ya kioo, uuwashe.
3. Weka mshumaa wa pili nyuma ya kioo, usiuwashe.
4. Tazama kwa kupitia mbele ya kioo, huku mwenzako akiusogeza mshumaa wa nyuma mpaka uonekane kana kwamba nao unawaka.
5. Pima umbali kutoka kwenye kioo hadi kwenye mshumaa wa nyuma.

Umeona nini? Mshumaa wa nyuma uko sentimeta 20 kutoka kwenye kioo, sawasawa na ule wa mbele. Kumbe taswira haikai juu ya uso wa kioo. Huonekana nyuma ya kioo, kwa umbali ule ule ambao kitu kipo mbele yake.

Sasa uondoe mshumaa wa nyuma, na mwenzako aweke kidole chake mahali ulipokuwa utambi. Utaona kidole kimo ndani ya moto! Lakini mwulize mwenzako kama anaungua. Hasikii hata joto.

Tafakari. Macho yako yameona moto mahali pasipo na moto. Hayakusema uongo, yamepokea nuru iliyoakisiwa, na akili yako, iliyozoea nuru inayokwenda mstari mnyoofu, imedhani nuru hiyo imetoka nyuma ya kioo. Taswira ya namna hii huitwa taswira isiyo halisi, kwa sababu nuru haikupita mahali inapoonekana.

Je, kioo hubadili kulia kuwa kushoto?

Watu wengi husema kwamba kioo hubadili mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Kabla ya kukubali, fanya jaribio.

Jaribio la 3

1. Simama mbele ya kioo kilichotundikwa ukutani. Tuseme unatazama kaskazini.
2. Nyosha mkono wako wa kulia kuelekea mashariki. Je, mkono wa taswira umenyoshwa upande gani?
3. Elekeza kidole juu. Je, taswira imeelekeza wapi?
4. Sasa elekeza kidole kwenye kioo chenyewe, yaani kaskazini. Taswira imeelekeza wapi?

Umeona nini? Ulipoelekeza mashariki, taswira nayo ilielekeza mashariki. Ulipoelekeza juu, nayo ilielekeza juu. Lakini ulipoelekeza kaskazini, taswira ilielekeza kusini, yaani kwako. Basi kioo hakikubadili kulia na kushoto, wala juu na chini. Kimegeuza mbele kuwa nyuma.

Huenda utauliza: “Mbona basi maandishi huonekana kinyume katika kioo?” Hilo ni swali zuri. Andika jina lako kwenye karatasi, kisha ukielekezee kioo karatasi hiyo. Maandishi yamegeuka. Sasa andika jina lako kwa wino mzito kwenye kipande cha plastiki kinachopitisha nuru. Kishike mbele yako ili ulisome jina vizuri, wala usikigeuze. Kisha tazama taswira yake katika kioo kilicho mbele yako. Jina linasomeka sawasawa! Mara ya kwanza aliyegeuza maandishi hakuwa kioo. Ulikuwa wewe, ulipoigeuza karatasi ili itazamane na kioo.

Tafakari. Hapa ndipo unapoona tofauti kati ya kuona na kutafakari. Taswira ilikuwa mbele ya macho yako tangu zamani. Lililokosekana ni kurudi na kuuliza: “Nini hasa kimegeuka, na nani amekigeuza?”

Nikikuona, nawe waweza kuniona

Jaribio la 4

Weka kioo kidogo ukutani. Simama upande mmoja, na mwenzako asimame upande wa pili. Sogeeni polepole mpaka uyaone macho ya mwenzako katika kioo. Mwulize: “Je, unayaona macho yangu?” Atajibu kwamba anayaona. Sogea mpaka usiyaone tena. Naye hayaoni yako.

Sababu yake ni hii: njia ambayo nuru huifuata kutoka kwake hadi kwako kupitia kioo, ndiyo njia hiyo hiyo ambayo nuru huweza kuifuata kutoka kwako hadi kwake. Kama njia ya kuja ipo, ya kurudi ipo pia. Kama haipo, haipo kwa nyote wawili.

Kanuni hii inaweza kuyaokoa maisha yako. Lori lina vioo pembeni ili dereva aone yanayotokea nyuma. Lakini zipo sehemu, hasa karibu na ubavu wa lori na nyuma yake kabisa, ambazo nuru yake haifiki kwenye vioo hivyo. Ukiwa kwa miguu au kwa baiskeli karibu na lori, tazama kioo chake. Ikiwa huuoni uso wa dereva katika kioo, basi kupitia kioo hicho dereva naye hawezi kukuona. Ondoka mahali hapo upesi.

Na ukiuona uso wake, usijione umekwisha kuwa salama. Anaweza kukuona, lakini huenda wakati huo anatazama mbele. Tena vioo vingi vya pembeni ni vioo mbinuko, yaani vilivyovimba kidogo kuelekea nje. Vioo hivyo huonyesha eneo pana, lakini taswira zake ni ndogo, na kwa hiyo mtu aliye karibu huonekana kana kwamba yuko mbali. Dereva hana budi kutafakari aonacho, nawe huna budi kutafakari anachokiona dereva. Jiulize kila mara: “Mimi namwona, je, yeye aniona?”

Usiku jambo hili huwa zito zaidi. Nguo nyeusi humeza nuru ya taa za gari, na dereva humwona mtu akiwa amekwisha kumkaribia. Nguo nyeupe huakisi nuru hiyo. Bora zaidi ni kile kipande chekundu kinachofungwa nyuma ya baiskeli. Ukikichunguza utaona ndani yake pembe ndogo ndogo nyingi, kila moja ina nyuso tatu zilizokutana kama kona ya chumba. Nuru ikiingia humo hupiga uso mmoja baada ya mwingine, kisha hutoka ikielekea kule kule ilikotoka, yaani kwa dereva. Kipande hicho hakina betri wala taa, lakini hakifanyi kazi kikiwa na matope. Kifute kila mara.

Kioo kikubwa cha angani

Mwezi nao hauna nuru yake wenyewe. Nuru ya mwezi ni nuru ya jua iliyoakisiwa. Tazama mwezi mwandamo mara baada ya jua kuchwa: upande wake unaong'aa umeelekea kule jua lilikotua. Udongo wa mwezi ni wa rangi ya kijivu na uso wake una mabonde na milima, kwa hiyo huakisi sehemu 12 hivi tu kati ya kila sehemu 100 za nuru inayouangukia. Hata hivyo, nuru hiyo ndogo hutosha kumwonyesha msafiri njia.

Mwezi wa Julai mwaka 1969, wanaanga wa chombo cha Apollo 11 kutoka Marekani waliacha juu ya mwezi kifaa chenye vipande 100 vya kioo, kila kimoja kikiwa na kona ya nyuso tatu kama zile za baiskeli. Wataalamu walioko duniani hukipelekea mwale wenye nguvu, nao hurudi ulikotoka. Mwezi uko umbali wa kilometa 384,000 hivi, na nuru husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde moja. Basi mwale huo huenda na kurudi kwa muda wa sekunde mbili na nusu hivi. Kwa kupima muda huo kwa uangalifu mkubwa, wataalamu wamegundua kwamba mwezi husogea mbali na dunia kwa sentimeta 3.8 hivi kila mwaka. Kipande cha baiskeli na kifaa cha mwezini hufuata kanuni moja.

Mtu aliyetafakari juu ya nuru

Zamani sana, wataalamu wengi, miongoni mwao Euclid wa Wagiriki, walifikiri kwamba tunaona kwa sababu miale hutoka machoni mwetu na kwenda kuvigusa vitu. Watu waliyakubali maneno hayo kwa karne nyingi.

Mnamo mwaka 965 hivi alizaliwa katika mji wa Basra, nchi ya Iraki, mtu aliyeitwa Ibn al-Haytham. Baadaye alifanya kazi katika mji wa Kairo. Yeye aliuliza: kama nuru hutoka machoni, mbona macho huumia tukilitazama jua? Alifanya majaribio kwa vyumba vyenye giza, matundu na vioo, akaonyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Aliyaandika hayo katika kitabu chake kikubwa juu ya nuru na kuona, mwanzoni mwa karne ya 11. Pia alifundisha kwamba mtu anayetafuta kweli hana budi kuyachunguza maneno ya waliomtangulia, na kujichunguza mwenyewe pia, asije akakosea.

Angalia: Wagiriki walikuwa na macho kama yake, na jua lilikuwa lile lile. Yeye aliongeza jambo moja, nalo ni kurudi kwenye lililokwisha kukubaliwa na kuliuliza upya.

Mambo ya kukumbuka

1. Kuakisi ni kurudisha nuru. Pembe ya kufika ni sawa na pembe ya kurudi.
2. Uso laini huakisi nuru kwa mpango na kuonyesha taswira. Uso wenye mikwaruzo huitawanya.
3. Taswira katika kioo bapa huonekana nyuma ya kioo, kwa umbali sawa na wa kitu kilicho mbele.
4. Kioo bapa hugeuza mbele kuwa nyuma. Hakibadili kulia na kushoto.
5. Kama huuoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni katika kioo hicho.
6. Kutafakari ni kulirudia jambo katika akili na kulipima. Kioo hakiwezi kukufanyia kazi hiyo.

Maswali

1. Mwale wa nuru umefika kwenye kioo bapa kwa pembe ya nyuzi 40 kutoka mstari wima. Utarudi kwa pembe gani? Chora.
2. Umesimama meta 2 mbele ya kioo bapa. Kuna umbali gani kati yako na taswira yako?
3. Ukisogea mbele meta 1 kuelekea kioo hicho, umbali huo utapungua kwa meta ngapi?
4. Kwa nini maji ya bwawa yaliyotulia huonyesha taswira ya mti, lakini ukitupa jiwe taswira huvurugika?
5. Katika nchi nyingi, jina lililoandikwa mbele ya gari la wagonjwa huandikwa kinyume. Nani anatakiwa kulisoma, naye hulisomea wapi?
6. Mwanafunzi mmoja alisema: “Lori halina hatari, maana nimeliona tangu mbali.” Ni jambo gani ambalo hakulitafakari?

Kazi ya nyumbani

Chagua jambo moja ambalo umelikubali siku zote bila kulichunguza, kama vile “Jua huwa juu kabisa ya vichwa vyetu kila siku saa sita mchana.” Fikiri namna ya kulipima kwa siku saba. Andika unachokiona kila siku, hata kama hakilingani na ulichokitazamia. Kisha waeleze wenzako darasani umeona nini, na umefikiri nini baada ya kuona.